Mkataba Mfupi Hufupisha Macho



Katika toleo hili twataka kusema jambo moja tu, nalo ni hili: mtu ambaye hana budi kupata malipo yake leo hawezi kujaribu njia mpya, hata kama njia hiyo ingemfaa kuliko ile aliyoizoea. Twalisema sasa kwa sababu mkutano mkuu wa tawi letu unakaribia, na huko tutaulizwa maswali mawili. Swali la kwanza ni kama fedha zote zilizo katika sanduku la tawi zigawanywe kabla ya Krismasi. Swali la pili ni kama wajumbe wetu waende kwa tajiri kudai nyongeza ya posho ya siku peke yake, au wadai pia mikataba mirefu kwa vibarua wa njia. Maswali haya mawili yaonekana kuwa mbalimbali, lakini mzizi wao ni mmoja. Kila mwanachama na aje mkutanoni akiwa amekwisha kufikiri.

Kwanza tutazame hesabu ya kujaribu. Mchukue kibarua mmoja wa genge la njia. Kazi yake ni kokoto, mataruma na jembe, na Jumamosi hupokea ujira wake. Mtu amwambia, "Ndugu, nenda Kisumu ukajifunze kuchomelea vyuma, ukafanye mtihani wa ufundi, daraja la tatu. Ukipita utapata mshahara mzuri zaidi." Maneno haya ni ya kweli. Lakini kibarua huyu apiga hesabu yake. Nauli ya kwenda Kisumu yatoka leo. Ada ya mtihani yatoka leo. Siku za kazi atakazokosa zapungua katika mfuko wa Jumamosi hii. Tena majuma ya kwanza atakuwa mwanafunzi mbovu, ataunguza vidole na kuharibu vyuma, na watu watamcheka. Faida itakuja baada ya mwaka, nayo si ya hakika. Upande wa pili kuna jembe, ambalo alijua, na ugali wa jioni ambao watoto waungojea. Basi ashika jembe. Zimwi likujualo halikuli likakwisha.

Mtu huyu si mjinga, wala si mvivu. Gharama ya kujaribu i karibu naye kama mlango, na faida yake i mbali kama ng'ambo ya ziwa. Macho ya mtu mwenye shida huona mlango.

Lakini katika hesabu hii kuna jambo jingine ambalo wengi wetu hatulitazami. Faida ya kujaribu ni maarifa, na maarifa hulipa kwa kadiri ya siku zilizobaki mbele yako. Mwenye kazi ya miaka 20 akijifunza leo, atavuna miaka 20. Mwenye kibarua cha miezi mitatu akijifunza leo, atavuna labda wiki nane, kisha aambiwe kazi imekwisha. Kwa nini ajisumbue? Hata ungempa akili ya Sulemani hesabu ingetoka vile vile. Ndiyo maana twasema mkataba mfupi hufupisha macho. Tajiri ampa mtu kazi ya siku baada ya siku, kisha alalamika kwamba wafanya kazi hawataki kujifunza mambo mapya. Amemfunga mbuzi kwa kamba fupi, sasa auliza kwa nini mbuzi hali majani ya mbali.

Wanachama watauliza, ushahidi u wapi? Ushahidi upo, na wa kwanza si wa mbali. Katika vijiji vya Siaya, jirani zetu hapa, na katika vijiji vya Bomet, shirika liitwalo GiveDirectly lilianza mwaka 2018 kugawa fedha kwa simu, na wataalamu, akiwamo Abhijit Banerjee na Tavneet Suri, wakafuatilia matokeo. Vijiji vilikuwa 295. Vijiji 44 viliahidiwa malipo ya kila mwezi kwa miaka 12. Vijiji 80 viliahidiwa malipo yale yale ya kila mwezi, lakini kwa miaka 2 tu. Vijiji 71 vilipewa mkupuo mmoja wenye thamani kama ya miaka 2 hiyo. Vijiji 100 havikupewa kitu, ili viwe vya kulinganisha. Malipo ya mwezi yalikuwa kama senti 75 za dola ya Marekani kwa siku kwa kila mtu mzima.

Sasa tazameni ajabu. Baada ya kama miaka 2, watu wa miaka 12 na watu wa miaka 2 walikuwa wamepokea fedha sawasawa, shilingi kwa shilingi. Lakini matokeo yaliyotangazwa mwaka 2023 yalionyesha kwamba wale walioahidiwa miaka 12 walianzisha biashara nyingi zaidi kuliko wale wa miaka 2. Waliopewa mkupuo nao waliwashinda wale wa miaka 2 katika jambo hilo. Wala hapakuonekana dalili kwamba watu wa kundi lo lote walizinywea fedha zile au waliacha kufanya kazi. Mfuko ulikuwa mmoja, na tofauti ilikuwa katika urefu wa ahadi. Aliyejua kwamba mwaka ujao na mwaka wa tano atakuwa na kitu mkononi, huyo alithubutu kufungua kibanda, kununua bidhaa, na kuona kama biashara itamkubali au itamkataa. Maana akianguka, hafi njaa.

Tena watu wale wa miaka 12 wengi wao waliingia katika mchango wa zamu, yaani nyoluoro kama isemwavyo hapa kwetu. Kila mwezi waliweka sehemu, na zamu ilipofika mtu akapokea fungu kubwa la kuanzia kazi. Ahadi ndefu ya mtu mmoja ikageuzwa na umoja wa wengi kuwa fungu la leo. Jambo hili tuliweke moyoni, tutalirudia.

Ushahidi wa pili watoka Busia, mbele kidogo ya Siaya. Kwa miaka mingi watu wa serikali na wa misheni waliwahimiza wakulima watie mbolea katika mahindi. Wakulima walikubali kwamba mbolea yafaa. Wengi walisema, "Msimu ujao tutanunua." Msimu ulipofika hawakununua. Wataalamu watatu, Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson, walichunguza sababu, na maandishi yao yalitoka mwaka 2011. Mkulima huwa na fedha baada ya mavuno. Mbolea yatakiwa miezi kadhaa baadaye, na kufika wakati huo fedha zimekwisha kwenda, katika karo, matanga, wageni na sukari. Basi wakajaribu kumfuata mkulima nyumbani mara tu baada ya mavuno, wamwuzie mbolea kwa bei ile ile ya dukani, ila bila gharama ya kuileta. Zawadi ilikuwa ndogo mno, yaani safari tu ya kwenda dukani imeondolewa, tena kwa muda mfupi. Hata hivyo wakulima waliotumia mbolea waliongezeka sana, karibu sawa na walivyoongezeka pale bei ilipopunguzwa kwa nusu baadaye katika msimu. Bwana Kremer na Bibi Duflo walipata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, pamoja na Bwana Banerjee tuliyemtaja, kwa kazi za namna hii.

Fundisho la Busia ni rahisi. Nia njema ya mtu huja mkono ukiwa na fedha, nayo huondoka fedha zikiondoka. Anayetaka kumsaidia na amfuate siku ya mshahara, asingoje tarehe 25 ya mwezi.

Ushahidi wa tatu watoka London, nao unawahusu watu wa reli. Mwezi Februari mwaka 2014 wafanya kazi wa treni za chini ya ardhi za mji ule waligoma siku mbili, kupinga kufungwa kwa ofisi za kukatia tiketi. Stesheni nyingine zilifungwa na nyingine zilibaki wazi. Abiria waliokuwa wamezoea njia moja kila asubuhi wakalazimika kutafuta nyingine. Mgomo ukaisha, stesheni zote zikafunguliwa. Wataalamu Shaun Larcom, Ferdinand Rauch na Tim Willems walipotazama kumbukumbu za tiketi za abiria waliona kwamba kama mtu 1 katika kila 20 kati ya wale waliosumbuliwa hakurudi tena katika njia yake ya zamani. Kwa miaka alikuwa akipita njia isiyomfaa kuliko zote, na asijue. Wakapiga hesabu, katika maandishi yaliyotoka mwaka 2017, wakaona kwamba wakati watakaookoa wale wachache siku zote zijazo wazidi wakati uliopotezwa na wote katika siku zile mbili.

Kwa nini abiria yule hakujaribu njia nyingine mwenyewe, bila kulazimishwa? Kwa sababu kila asubuhi alitaka kuwahi kazini asubuhi ile. Njia mpya ingeweza kumchelewesha leo. Basi kila siku alisema leo hapana, na siku hizo zikawa miaka. Hatusemi kwamba migomo huitishwa ili kuwafundisha abiria njia. Twasema kwamba hata katika mji mkubwa wenye ramani kila ukuta, watu wenye mishahara yao hukwama katika mazoea kwa sababu ya kutaka kufika leo. Basi asiwepo mtu wa kutuambia kwamba kukwama ni tabia ya maskini au ya Mwafrika.

Sasa tujibu maswali ya wanachama.

Wengine husema, "Mhariri, vijana wetu hujaribu mambo mapya kila siku. Tazama kamari za mpira katika simu." Ni kweli, na jambo hili lathibitisha tunayosema. Mwenye haraka ya malipo haachi kujaribu kabisa. Hujaribu vile vitu vinavyojibu upesi tu. Mpira hujibu kwa dakika 90. Mtihani wa ufundi hujibu baada ya mwaka. Mche wa mwembe hujibu baada ya miaka kadhaa. Basi haraka humchagulia mtu aina ya majaribio, nayo huchagua yale ambayo wenye hila wameyatengeneza makusudi ili yajibu upesi. Mwaka 2006 na 2007 Kenya nzima iliona miradi ya upatu ikiahidi kuzidisha fedha kwa majuma machache. Watu waliokuwa hawajawahi kuthubutu kufungua duka walithubutu kutia humo akiba ya maisha yao. Miradi ikaanguka, akiba zikapotea. Mtego wa haraka una milango miwili, na mlango wa pili ni huu.

Wengine husema, "Si kila jipya ni jema." Twakubali. Watu wa mwambao wetu waliona vizimba vya kufugia samaki vikiongezeka ziwani, na wengi wamepata riziki humo. Lakini mwishoni mwa mwaka 2022 samaki wengi walikufa katika vizimba vya upande wa Kisumu kwa kukosa hewa majini, na wenye vizimba wakapata hasara kubwa. Ndiyo sababu twasema mtu asijaribu kwa ugali wa watoto wake. Na ajaribu kwa fungu dogo, ambalo likipotea nyumba haitaanguka. Tena likiwa fungu la wengi, hasara ya mmoja huwa nyepesi, na maarifa aliyoyapata huwa ya wote. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, lakini hata yeye hutazama mawimbi kabla ya kuingia.

Wengine husema, "Mtu mwenye njaa msimhubirie subira." Hapa twakubali kabisa, tena kwa nguvu. Habari ya Esau aliyeuza haki yake ya mzaliwa wa kwanza kwa chakula cha dengu twaijua tangu shule ya misheni, na kila mara walimu walimlaumu Esau. Lakini ametoka mwituni amechoka, njaa yamwuma, na ndugu yake ameshika sufuria. Sisi wa chama cha wafanya kazi twauliza pia habari za mwenye sufuria. Ni nani aliyefaidika na njaa ile? Mkopeshaji anayengoja karibu na lango siku tatu kabla ya mshahara ana sufuria. Tajiri anayemweka mtu kibarua mwaka wa tano ana sufuria. Kazi ya chama si kumlaumu Esau. Kazi yake ni kuhakikisha Esau hafiki mlangoni akiwa na njaa kiasi kile.

Kwa hiyo haya ndiyo mapendekezo yetu kwa mkutano.

La kwanza ni juu ya sanduku. Hatupendi fedha zote zigawanywe, wala hatupendi zote zifungwe. Krismasi ni Krismasi, na watoto hawali mapendekezo. Zigawanywe theluthi mbili. Theluthi moja ibaki iwe fungu la kujaribu. Mwanachama anayetaka kujifunza ufundi alipiwe nauli na ada ya mtihani kutoka fungu hili, na afidiwe ujira wa siku alizokosa kazini. Mamlaka ya mafunzo ya viwanda, NITA, ina kituo chake Kisumu, na kutoka Kisian si safari ya kulala njiani. Hesabu za fungu hili zisomwe hadharani kila miezi mitatu, jina kwa jina, shilingi kwa shilingi. Mwanachama akijaribu asifaulu asidaiwe, ila aje mkutanoni atueleze alichokiona, ili atakayemfuata asianguke katika shimo lile lile.

La pili ni juu ya siku. Wanaotaka kuchangia fungu hili waweke sahihi mapema, fedha zikatwe siku ya mshahara zenyewe kabla hazijazoea mfukoni. Hili ni fundisho la Busia. Ahadi ya kusema "nitaleta mwisho wa mwezi" twaijua mwisho wake.

La tatu ni juu ya mafunzo ya tajiri. Waajiri wa Kenya hutozwa ushuru wa mafunzo ya viwanda, shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, na mwajiri anayewapeleka watu wake kujifunza aweza kuomba arudishiwe gharama. Wajumbe wetu na waulize, ni wangapi kati yetu waliopelekwa? Fedha zatoka kwa jina letu. Na zirudi kwa mikono yetu.

La nne, nalo ndilo kubwa, ni juu ya mikataba. Nyongeza ya posho ya siku ni haki, na tuidai. Lakini wajumbe wakirudi na posho peke yake, watakuwa wametuletea jembe lenye mpini mpya. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, yasema wazi kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja au zaidi, au anayefanya kazi ambayo haiwezi kutazamiwa kumalizika kabla ya miezi mitatu, ahesabiwe kuwa mtu wa mshahara wa mwezi, mwenye kustahili notisi. Kuitengeneza njia ya reli si kazi ya kumalizika kwa miezi mitatu. Reli ilifika Kisumu tarehe 20 Desemba 1901, na mpaka leo mataruma yangali yakibadilishwa. Basi na tudai kila kibarua anayestahili aandikwe. Siku atakapojua kwamba mwaka ujao yupo, siku hiyo ataanza mwenyewe kuuliza habari za ufundi, za akiba, za shamba na za shule. Hatutahitaji kumhubiria.

Wazee wetu wa reli waliona injini za mvuke zikiondoka na dizeli zikishika mahali pake, na kazi ya kuchochea moto ikafutika kabisa. Sisi tumeona treni ya abiria ya Nairobi na Kisumu ikikaa miaka mingi bila kuja, hadi iliporudi Desemba 2021. Tumeona reli mpya ya SGR ikifika Nairobi mwaka 2017 na Suswa mwaka 2019, ikiwa na mashine na ishara ambazo wengi wetu hatujazigusa. Mabadiliko hayaulizi kama genge la Kisian limejitayarisha. Atakayekutwa anajua kazi moja tu atalipwa bei ya kazi hiyo moja, au ataambiwa asante na kwaheri.

Ndugu, njooni mkutanoni. Msiwaachie wachache wawaamulie habari za sanduku na za mikataba. Anayetaka fedha zote zigawanywe aje aseme sababu zake, tutamsikiliza kwa heshima, maana shida yake ni shida yetu. Lakini kabla hajanyosha mkono, na ahesabu siku fedha hizo zitakazokaa nyumbani kwake, kisha ahesabu miaka ambayo ufundi ungekaa mikononi mwake.

Umoja ni nguvu.

Wenu katika kazi,
Mhariri, kwa niaba ya Kamati ya Gazeti